Nyuki Juu ya Kopo

Naikumbuka Jumamosi moja ya masika, mwanangu, mvua inapiga mabati ya karakana yetu pale Thika, karibu na stesheni ya reli, na bibi kizee amesimama mlangoni na kopo la mafuta mkononi. Wewe umenijia leo na makopo yako ya mafuta ya kujipaka kutoka Githurai, umeyaandika Parachichi kwa herufi za kijani, unaniuliza kama jina linapendeza. Linapendeza. Lakini keti kwanza, chai bado ni moto, nikusimulie habari za bibi yule kabla hujalipeleka jina lako kusajiliwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nimemfuata mume wangu kutoka Maragoli, yeye kiwandani na mimi kibaruani kwa Bwana Kanti. Huyu alikuwa Mhindi mpole, mfupi, mwenye kupenda kuimba asubuhi, aliyetengeneza mafuta ya kujipaka. Mafuta yalimfikia kwenye mapipa, meupe, hayana harufu. Tuliyayeyusha kwenye sufuria kubwa juu ya makaa, yeye akatia rangi ya manjano, kisha manukato kutoka kwenye chupa ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Mimi kazi yangu ilikuwa kubandika karatasi kwenye makopo kwa gundi ya unga wa ngano. Karatasi ilikuwa na neno moja kubwa, ASALI, na chini yake nyuki mnene mwenye mabawa mazuri. Nilimpenda nyuki yule, sikufichi.

Asali yenyewe haikuwamo hata tone. Na wala hatukuona ubaya. Tuliona ni jina tu, kama mtu anavyoweza kumwita mwanawe Simba na mtoto mwenyewe anakimbia kuku.

Makopo yaliuzika, mwanangu. Yalifika Ruiru, yakaingia kwenye maduka ya mashamba ya kahawa, na wanawake walioshinda wakichuma kahawa kwenye jua waliyapenda kwa ile rangi na ile harufu. Mchovya asali hachovyi mara moja, kwa hiyo Bwana Kanti akaingiza akiba yake yote humo, akanunua makopo mapya na kuchapisha karatasi nyingi. Halafu mfanyabiashara mwingine akaanza kubandika nyuki kwenye makopo yake. Bwana Kanti akaona heri alisajili jina, liwe lake peke yake, asije mtu kulichezea. Akavaa koti akapanda gari la moshi kwenda Nairobi, kwenye ofisi ya kuandikisha alama za biashara.

Alirudi amekunja uso, akaketi juu ya pipa.

"Mimi nasema iko asali ndani," alitueleza. "Karani nasema, basi hiyo neno ni ya kila mtu iko na asali, wewe hapana weza funga peke yako. Mimi nasema hapana iko asali. Yeye nasema, basi wewe nadanganya watu. Sasa mimi nasema nini? Nanyamaza?"

Tulimwonea huruma. Sheria ile tuliiona kama ukorofi wa wazungu, mlango uliofungwa mbele na nyuma. Bwana Kanti alizunguka karakana siku nzima bila kuimba, mwishowe akapata shauri. Angetia kijiko cha asali kwenye kila sufuria, arudi Nairobi aape kwamba asali imo, na kama neno limekataliwa basi apiganie walau yule nyuki. Akaagiza chupa ya asali sokoni. Ililetwa asubuhi ya Jumamosi ile ninayokwambia, ikawekwa juu ya rafu, haijafunguliwa.

Ndipo bibi akatokea mlangoni.

Tulimwita Cucu, kama Wakikuyu wanavyowaita bibi zao. Alikuwa amelowa, shuka limemganda mwilini, na kibali chake amekikunja ndani ya kitambaa ili kisipate maji. Siku hizo za hali ya hatari Mkikuyu hakwenda popote bila kibali. Huyu alimsihi msimamizi wa shamba huko Ruiru mpaka akampa ruhusa ya siku moja, na siku hiyo aliitumia kuja kwetu. Nilidhani anataka mafuta. Nikamkaribisha kwenye moto.

"Mimi sitaki kununua, mwari," akaniambia, yaani binti yangu. "Nataka kuona asali. Nionyeshe mahali mnaweka."

Nilimtazama Bwana Kanti, naye akatazama sufuria. Basi nikamtembeza bibi wa watu karakana nzima, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nikamwonyesha pipa, akachovya kidole, akanusa. Nikamwonyesha rangi. Nikamwonyesha chupa ya manukato, kwa mbali. Kila mara aliuliza, "Na asali?" nami nikasogea kwenye kitu kingine, mpaka vitu vikaisha. Mwanangu, nimezika watu wangu, nimeona njaa, lakini aibu ya mwendo ule mfupi ninayo mpaka leo.

Akaketi, akatueleza polepole.

Alikuwa na mjukuu, Njoki, ambaye ndio kwanza alikuwa anaanza kusimama. Siku moja mama yake yuko kwenye kahawa, mtoto akashika sufuria ya uji, ukammwagikia mkononi. Kwao, asali ilikuwa dawa ya moto tangu mababu. Kila nyumba ilikuwa na kibuyu chake kidogo cha asali, hakiliwi, kimewekwa kwa ajili ya mtoto atakayeungua. Lakini walipohamishwa kwa nguvu kutoka kwenye vilima vyao, mizinga ilibaki mitini na vibuyu vikabaki ndani ya nyumba zilizochomwa. Huko shambani Ruiru hakuwa na nyuki wala kibuyu. Akakimbia dukani.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Nilisoma nyuki."

Akampaka mtoto mafuta yetu, akamfunga kitambaa, akangoja asali ifanye kazi yake. Mtoto akalia, bibi akasema ni dawa inauma. Akampaka tena. Alipofungua siku kadhaa baadaye, kidonda kilikuwa kimeoza. Hospitali waliuokoa mkono, lakini vidole viwili vilishikana na havikuachana tena.

Bwana Kanti alikuwa na watoto wadogo. Akaingiza mkono mfukoni.

"Weka pesa yako," Cucu akamwambia. "Sikukuja kuuza mkono wa mtoto."

"Mama, mimi natengeneza," akasema Bwana Kanti. "Angalia, asali iko hapa. Leo natia ndani. Kijiko moja kila sufuria."

Bibi akaitazama ile chupa kwenye rafu, kisha akaitazama sufuria, kubwa ya kumwogeshea ndama.

"Ũĩ," alishangaa kwa Kikuyu, "ukitupa punje moja ya mahindi kwa sufuria ya maji, utaniita nikuje kula githeri?"

Nadhani Bwana Kanti angestahimili matusi. Swali lile hakulistahimili. Akainama, akafunika uso.

"Wewe si mtu mbaya," Cucu akaendelea, sauti imeshuka. "Lakini jina umelitoa kwa kibuyu changu. Hilo jina lilikuwa likiponya watoto kabla wewe kuzaliwa. Uza mafuta yako, ni mazuri, yananukia. Nyuki mtoe."

Akaliacha kopo juu ya meza, akafunga kibali chake, akatoka. Nilimsindikiza mpaka njia ya stesheni, tukatembea kwenye matope. Tulipoagana alinishika kichwa, akaniambia nizae watoto wazima.

Niliporudi, Bwana Kanti alikuwa ameshapakua makopo yote. Tuliyatia kwenye maji ya moto, tukawakwangua nyuki mpaka kucha zikauma, na zile karatasi nyingi mpya tukazikokea moto. Alipata hasara iliyomwachisha kuimba kwa muda mrefu. Kisha akarudi Nairobi na jina jingine, Korongo, na picha ya ndege amesimama kwa mguu mmoja. Likakubaliwa. Karani hakuuliza kama ndani kuna korongo, maana hakuna mtu duniani atakayefungua kopo la mafuta akitarajia kukuta ndege.

Ndipo nikaelewa, mwanangu, kwamba ule mlango haukuwekwa kwa ukorofi. Kama kitu kimo, neno lake ni la kila mwenye nacho, huna haki ya kulizungushia ua. Kama hakimo, neno hilo ni mtego, na hujui nani atanaswa. Wewe unadhani atanaswa tajiri wa mjini anayetaka ngozi laini. Kumbe atanaswa bibi ambaye hana kitu kingine cha kushika.

Sasa nionyeshe parachichi.

Unatazama chini. Basi, sikugombezi, chai yako inapoa. Kidogo ulichotia kiandike kwa herufi ndogo upande wa nyuma, kwa kipimo chake cha kweli, na mbele utafute jina lisiloahidi kitu. Liite mlima, liite ndege, liite jina la mama yako kama atakubali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usikope utamu wa kitu ambacho hukukiweka, hata kama kila mtu sokoni anakopa, hata kama sheria haijakufikia. Na ukitaka kujua kama jina ni halali, usimuulize mwenye kusifu rangi zake. Jiulize mtu asiyejua kusoma ataona nini akilichukua kopo lako, na atalifanyia nini nyumbani mtoto akilia.

Nenda sasa kabla giza halijaingia. Mungu aliyekupa mikono hiyo aibariki kazi yake, akupe jina jema, maana jina jema hung'aa gizani. Na siku bibi kizee atakaposimama mlangoni kwako na kopo lako mkononi, ajalie awe amekuja kununua lingine.