Ini Langu Lilivyonitia Aibu

Kazi yangu ni kuvisha makochi vitambaa vipya, na mwili wangu mwenyewe ni kochi la watu watatu. Basi dada yangu alipougua ini hadi macho yakawa manjano, na vipimo vikaonyesha kwamba katika ukoo mzima ni mimi tu ninayefaa kumkatia kipande, kichwa kilinivimba. Daktari aliniamuru nipungue kwanza. Nilipungua, lakini kwa kelele: mteja aliyekuja kuulizia bei ya sponji hakuondoka kabla sijamsomesha jinsi ini la mtu linavyoota upya.

"Wengine hukatwa maini kwa maneno," nilimtania dada. "Mimi nakatwa kwa kisu!"

Upasuaji ulikwenda salama. Dada akachangamka, nami nikawa napokea pongezi kitandani kama bwana harusi. Kisha asubuhi moja homa ikampanda ghafla, akaanza kusema ovyo, wauguzi wakamkimbiza chumba cha mahututi. Daktari wa upasuaji, mama mpole, akaja kwangu.

"Mshipa unaolisha ini umeziba kwa bonge la damu. Kile kipande kimekufa. Tunamtafutia ini jingine."

"Kwani langu lina kasoro gani?"

"Halina kasoro, baba. Hutokea tu."

Heri angesema ni bovu, nikajua moja. Niligeukia ukuta nikalia, na kila kwikwi ikavuta mshono, hata kulia kukanishinda.

"Dada yako yuko mahututi, wewe unalilia sifa?" mke wangu akauliza.

Nilitaka kubisha. Nilikuwa namlilia dada, Mungu shahidi. Ila na sifa nazo zilikuwemo.

Kesho yake likapatikana ini la mtu aliyefariki ajalini. Ndugu zake, katikati ya msiba wao, walikubali litolewe. Hilo likashika. Waliponisukuma kwenye kiti cha magurudumu kwenda kumwona dada, nilikuwa nimepanga maneno mazito. Yakayeyuka yote.

"Samahani, dada. Nilikupa mali mbovu."

Alinishika kidole, maana mkono ulikuwa umejaa mipira.

"Ndilo lililonivusha mpaka hili likafika. Acha kununa, mdogo wangu."

Nilinuna hata hivyo, kidogo. Sasa dada anapika na kugombana na majirani. Yule marehemu nisiyemjua jina namwombea kila siku, kwa shukrani ya dhati na kijiwivu ambacho hakijaniisha.