Mkalimani wa Mwanafunzi Mmoja

Wanafunzi wa chuo cha ufundi walimwita Mama Hereni, kwa zile hereni zake pana zilizocheza kila alipogeuza kichwa. Kazi yake ilikuwa ukalimani wa lugha ya alama. Chuo kizima kilikuwa na mwanafunzi kiziwi mmoja, binti wa darasa la umeme ambaye wenzake walimpachika jina la Swichi. Mwalimu akisema, Mama Hereni anaonyesha kwa mikono. Swichi akijibu kwa mikono, yeye anasema kwa mdomo. Hapunguzi, haongezi. Kiapo hicho alikila siku ya kwanza, na kwa miaka mitatu hakukivunja, tumpe haki yake.

Alama alizijua kabla ya herufi. Dada yake mkubwa alikuwa kiziwi, na walilala kitanda kimoja wakipiga soga kwa vidole mpaka usingizi uwachukue. Dada huyo hakupelekwa shule hata siku moja. "Bubu darasani atafanya nini?" baba yao alisema, na dada akazeekea jikoni akiosha vyombo vya watu wanaojua kusoma. Siku alipozikwa, Mama Hereni aliapa kwamba hakuna kiziwi mwingine atakayekosa elimu mbele ya macho yake. Maneno matamu! Kuapa kaburini nani asiyeweza?

Sasa sikia. Wakaja wageni kukagua jinsi chuo kinavyowajali wanafunzi wenye ulemavu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya mtihani wa mwisho wa vitendo wa darasa la umeme, uliopangwa saa nane mchana. Makamu mkuu wa chuo akauvuta mpaka saa tatu asubuhi ili karakana iwe tupu na safi wageni wakipita. Tangazo likatolewa asubuhi hiyohiyo kwa kipaza sauti. Ndiyo, kipaza sauti, na anayehusika ni kiziwi!

Mama Hereni alilisikia. Alikuwa ameshachukua simu amtumie Swichi ujumbe, makamu akamshika mkono. "Mama, acha simu. Vaa lile gauni la buluu, uje ukumbini utafsiri hotuba yangu. Barua yako ya ajira ya kudumu iko mezani kwangu, inangoja saini tu." Ajira ya kudumu! Miaka mitatu alikuwa akila kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, kila likizo roho juu. Simu ikarudi mkobani. Saa mbili nzima alisimama jukwaani akitafsiri kwa mikono mbele ya ukumbi usio na kiziwi hata mmoja, na wageni wakampigia makofi.

Swichi alifika karakana saa nane kasoro dakika tano, bisibisi na koleo mfukoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Kupitia kioo aliona kazi za wenzake zimeshapangwa mezani na kupewa alama. Akaupiga mlango kwa viganja, akapiga tena, kioo kikapasuka. Jumatatu akaitwa kwenye kikao cha nidhamu: kukosa mtihani na kuharibu mali ya chuo.

Nani mwenyekiti wa kikao? Makamu. Nani mkalimani? Haya, jijibu mwenyewe. Pembeni alikaa mwalimu wa karakana, mzee mkavu wa maneno aliyempenda Swichi kwa jinsi alivyofunga nyaya bila kuacha hata moja ikining'inia.

"Ajieleze," makamu akasema.

Swichi akasimama. Mikono yake ilitulia, maana alikuwa amejiandaa, na Mama Hereni alikuwa ameshamsimulia alivyolisikia tangazo akaitwa ukumbini. "Sikuambiwa. Tangazo lilipita kwenye kipaza sauti, na mkalimani wangu alikuwa ameitwa na makamu ukumbini. Si kosa la mama huyu, alitumwa. Yeye mwenyewe alilisikia tangazo, muulizeni, ni shahidi wangu. Kioo nitakilipa. Naomba nipewe mtihani wangu." Kisha akamgeukia Mama Hereni na kumtabasamia.

Mama Hereni akaigeukia meza. Makamu alikuwa akimtazama, na chini ya kiganja chake palikuwa na bahasha ya kaki. Chumba kizima, ni yeye peke yake aliyejua lugha zote mbili.

"Anasema alisahau saa," akatamka. "Anaomba radhi kwa kioo."

Mwalimu wa karakana akainua kichwa. "Mikono yote ile, na maneno ndiyo hayo tu?"

"Lugha yao ina mizunguko, mwalimu."

Mzee hakuridhika. "Muulize vizuri. Tangazo alilipata, au hakulipata?"

Mama Hereni akamgeukia binti. Vidole vyake vikauliza: "Mwalimu anauliza, umemaliza?"

Swichi akatikisa kichwa kukubali. Akakitikisa mara mbili, kwa heshima, huku akimtazama mwalimu wake machoni. Mzee akashusha pumzi na kufunga daftari. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Kufukuzwa chuo. Hilo Mama Hereni alilitafsiri sawasawa, bila kupunguza wala kuongeza.

Nje kwenye korido, Swichi aliegemea ukuta. "Uliwaambia yote?"

"Yote."

"Na kwamba ulisikia tangazo?"

"Niliwaambia."

"Basi ni roho zao mbaya." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Ahsante, mama. Angalau ulinisemea."

Mlango ukafunguliwa, makamu akatoka na bahasha yake kwapani. Mama Hereni akamkimbilia. "Mheshimiwa, na ile barua yangu?"

"Barua?" Makamu akacheka, wala si kwa ubaya. "Mama, fikiri kidogo. Kiziwi wetu alikuwa huyuhuyu mmoja, na ndiyo anaondoka. Nikuajiri umtafsirie nani, viti? Mwisho wa mwezi pitia kwa mhasibu." Akashuka ngazi.

Mama Hereni alibaki pale kama aliyemwagiwa maji. Swichi alikuwa amewatazama wote wawili asielewe kitu. Akamgusa bega.

"Amesema nini?"

Safari hii maneno aliyokuwa nayo ya kumwambia yalikuwa ya kweli. "Amesema sina kazi tena. Wewe ukiondoka, na mimi naondoka."

Binti akaweka begi chini. Akamkumbatia yule mama, akamshikilia muda mrefu, kisha akarudi nyuma hatua moja ili mikono yake ionekane vizuri.

"Nisamehe," akasema. "Umeponzwa na mimi."

Mama Hereni akamwambia si neno.