Mafuta ya Gogo

Hapana, kidole yangu siweki kwa hiyo karatasi. Najua hamjaniuliza bado, lakini nimeona wino ikichungulia kwa mfuko ya mama mwenyekiti. Mnataka huyu padri wetu aondolewe. Yeye mwenyewe mmemuuliza? Haya, kunyweni chai kwanza.

Nikiwa msichana mdogo hapa Sosiot, nilikuwa naiga kila mtu. Nyapara akikohoa, mimi huyo. Katekista akiimba na pua, mimi huyo. Watu walikuwa wanaweka kikapu ya majani chai chini ndio wacheke vizuri.

Gogo yangu, mama ya baba, akashikwa na ugonjwa. Nyumba ilinuka moshi na mursik, ile maziwa yetu ya kibuyu. Padri akaja, mzee mpole na viatu ya matope, akampaka mafuta ya wagonjwa. Mimi ndiye nilishika mshumaa. Alipoenda, gogo uso inang'aa, akaniambia na ile Kiswahili ya kampuni aliongea tu akifurahi, "Batiri amenibaka. Sasa wacha nikufe."

Si mnajua wazee wetu, kwa ulimi yao p na b ni mapacha.

Kesho yake kwa banda ya kupima majani, hiyo banda haiko siku hizi, nikajikunja kama yeye, nikatetemesha sauti. "Batiri amenibaka! Sasa wacha nikufe!" Wenye walijua gogo wakacheka mpaka machozi. Karani wa kupima, mtu wa kutoka ziwani, hakucheka. Kwake p ni p, b ni b. Akaniuliza, "Nani amesema hivyo?" Nikasema ni gogo, nikaiga tena. Nilipenda kuangaliwa.

Siku ya tatu gogo akakufa. Maneno ilikuwa imefika kanisani, eti padri amembaka mama mgonjwa, na mwenye angeeleza hayuko tena. Wale walicheka, wote kimya. Padri akakatazwa hata kumzika. Jumapili gari ikakuja kumchukua. Alisimama kwa mlango na begi moja, akisema, "Niulizeni basi. Niulizeni tu." Watu wakaangalia majani chai.

Mimi nikakimbia kwa mzee wa kanisa, nikashika koti yake. Nikamwambia ilikuwa mafuta, mimi nilishika mshumaa, gogo alisema kupaka. Nililia mpaka kamasi.

Akaniangalia. "Na hiyo kilio," akasema, "leo unaiga nani?"