Nilimsomesha Kaka kwa Hasira

Juzi nilijikwaa ngazini nikachubuka goti, na muuguzi alipofungua kichupa cha iodini ile harufu ikanipanda puani. Sikuiona tena zahanati. Niliuona uwanja wa ng'ombe wa Faza, vumbi jeupe, kamba zimetapakaa chini, na mtu aliyevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sijawahi kumchukia kiumbe kama nilivyomchukia mtu yule, na nyinyi sitawaficha: hata leo, na mvi hizi, sijamaliza.

Alikuwa bwana mifugo. Alifika kwetu mara mbili kwa mwaka na sanduku lake la sindano lililonuka iodini, na wenye ng'ombe wote waliamriwa kuwaleta wachanjwe. Baba alikuwa ameshafariki, na mama yangu, Bi Zena, alitulea mimi na kaka yangu Athmani kwa maziwa ya ng'ombe wawili: Marjani, mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, na bintiye. Marjani siku hiyo alikuwa na mimba pevu, tumbo limeshuka, anatembea kama bibi harusi aliyechoka.

Mama alivuta ushungi wake akamsogelea yule mtu, akamwomba amwache. "Bwana, huyu yu karibu kuzaa. Mwate leo, usimwangushe."

"Bi, wewe umesomea wapi?"

"Sikusoma. Lakini ng'ombe wangu namyua."

Wanaume wakacheka. Yeye akaamuru kamba zifungwe. Marjani alianguka kwa ubavu kwa kishindo nilichokisikia miguuni mwangu. Siku ya tatu akaharibu mimba. Siku ya nne akafa, kichwa chake mapajani mwa mama.

Hayo peke yake yangetosha. Lakini kabla hajapanda chombo kurudi Lamu, bwana mifugo alisimama mbele ya watu, akafungua daftari lake na kutangaza kwamba ng'ombe yule amekufa kwa njaa na uchafu, na kwamba mwenyewe hajui kufuga. Tangu siku hiyo nyumba zilizokuwa zikinunua maziwa yetu zilianza kutufungia mlango kwa adabu. "Leo tunayo, Bi Zena." Kesho yake, "Leo tunayo." Mama alirudi na maziwa vilevile alivyotoka nayo, akayagandisha, tukanywa mtindi mpaka nikauchukia. Hakumlaani mtu. Mimi nililaani kwa niaba yake, kila baada ya sala, kwa orodha ndefu iliyoanzia kwenye vidole vya yule mtu.

Mwaka uliofuata karatasi ilibandikwa nje ya ofisi ya serikali. Vijana wa pwani waliomaliza darasa la nane na wanaotaka kusomea udaktari wa wanyama huko bara walete maombi. Kutakuwa na mtihani Mombasa. Athmani alinisimulia kama mtu anayesimulia habari za mvua. Alikuwa na miaka kumi na saba na moyo wake wote ulikuwa kwenye kofia. Alishona kofia za vito, zile za nakshi ya vitundu, kwa vidole vyembamba kama vya msichana, na tundu zake zilikuwa ndogo hata wazee walizishika karibu na jicho ili wazione.

Mimi nilisikia jambo moja tu: atakayesoma huko atarudi akiwa mkubwa wa bwana mifugo.

"Utaomba," nikamwambia.

"Mimi? Ninayekimbia nikiona damu?"

"Ama huna uchungu na mama?"

Akaiweka kofia chini. Akasema, "Haya. Lakini utanisomesha wewe."

Alisema kwa mzaha, nami nikashika neno. Shule sikwenda, wasichana tulisoma chuoni, Kurani tu. Lakini Athmani alikuwa amenifundisha kusoma na kuandika nyumbani, na sasa aliazima kwa mwalimu wake kitabu cha mwili wa wanyama. Yeye alinitafsiria Kiingereza chake, mimi nilihifadhi kama nilivyohifadhi juzuu. Nilikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, na huku namuuliza habari za ng'ombe.

"Mbavu ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na tatu kila upande! Meno ya mbele ya juu?"

"Manane?"

"Hana! Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, Athmani. Utatutia aibu."

Siku za Ijumaa alfajiri tulikwenda kwa Mzee Kombo, mchinjaji. Mara ya kwanza Athmani alitapika ukutani. Mimi nilipandisha mikono ya kanzu nikaingiza mikono kwenye tumbo lenye joto la ng'ombe aliyechinjwa, nikalitenga tumbo kubwa, lile lenye vyumba kama vya nyuki, lile lenye kurasa kama kitabu, na la nne laini. Mzee Kombo alisema, "Msichana huyu angezaliwa mwanamume ningemwachia kisu changu." Nilidhani ananitania. Nilibeba mifupa nyumbani, nikaiosha na kuipanga uvunguni mwa kitanda kwa mpangilio wake, mpaka mama akaikuta alipokuwa akifagia. "Ni nani aliyeniwekea makaburi chumbani?" akasema, lakini hakuitupa.

Na nilitunga hotuba. Niliiandika kwa penseli ili Athmani aisome siku atakayorudi, mbele ya watu walewale: "Ng'ombe wa Bi Zena hakufa kwa njaa. Aliuawa na mtu aliyeonywa." Nilimlazimisha aihifadhi.

Fomu ilitaka sahihi ya bwana mifugo mwenyewe. Alipofika tena kwa chanjo, nilimfuata Athmani mpaka mlango wa ofisi, nikasimama nje. Yule mtu aliisoma fomu, akauliza, "Mwana wa nani?"

"Wa Bi Zena, mwenye Marjani."

Nikasikia kalamu. Aliandika sana, kupita sahihi, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mama yako..." na hakumaliza. Nilirudi nyumbani nikirukaruka. Ameogopa, nikamwambia mama. Mama alikuwa akipepeta mchele, akaendelea kupepeta.

Athmani alifaulu. Alikaa bara miaka mitatu, na aliporudi kabisa mimi nilikuwa mwari wa kumi na tano, sitoki bila buibui na mama ubavuni. Siku ya chanjo tulisimama nyuma ya ukuta wa matumbawe na wanawake wengine. Kaka alivaa kaptura ya kaki. Bwana mifugo, sasa aliye chini yake, alishika sanduku.

Athmani alipanda juu ya jiwe, akaitoa ile hotuba, akasema kila neno, hakuruka hata moja. Kisha akamgeukia yule mtu. "Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," bwana mifugo akasema. "Bi Zena alinionya."

Alihamishwa kabla ya mwaka kwisha, na aliondoka hakuna aliyemsindikiza. Nikisema nilimhurumia nitakuwa mwongo. Nilikula vizuri usiku wa hotuba ile, na asubuhi jirani wa kwanza aliyetufungia mlango alikuja na chombo chake kutaka maziwa. Mama alimtilia. Mimi ningemwagia miguuni.

Kwa miaka mingi niliamini kisasi kile kilikuwa changu na Athmani alikuwa mkono wangu tu. Kofia hakushona tena. Hilo nililiona, lakini sikulihesabu. Tulipokuwa wazee, siku moja alinikuta nikimsaidia mbuzi wa jirani kuzaa, nageuza kitoto kilichokaa vibaya, na akakaa kunitazama mpaka nikamaliza. Nikamwomba radhi, kwamba nilimsukuma kwenye kazi asiyoipenda kwa ajili ya hasira zangu.

"Hasira?" akasema. "Unadhani nilikwenda kwa sababu ya hasira? Nilikuona kwa Mzee Kombo, umetia mikono tumboni mwa ng'ombe, uso wako unang'aa. Chuo kile wewe wasingekuchukua. Nikasema basi niende mimi, nije nikuletee vitabu."

Na kweli alileta. Kila likizo alishuka na vitabu viwili vitatu, akaniachia kitandani bila neno, nami nilivisoma nikidhani natafuta makosa mapya ya bwana mifugo.