Mukono ya Mama Tshibola kwa Liste ya Komini

"Uliuzisha avenue muzima na kalamu moya ya bic, Tshibola! Ata Yuda mwenyewe aliuzisha mutu moya tu. Weye umeuzisha nyumba makumi ine na moya, na kaburi juu yake!"

Ni tata Beya njo alikuwa analalamika vile, asubui, mbele ya robinet, mabidon yote inangojea mayi. Beya, retraité mwenye alimaliza kazi yake kwa train, ni mutu wa mvua ikinyesha analaumu mawingu, isiponyesha analaumu mawingu. Lakini ile siku alikuwa na haki, na ni ile njo ilimuuma mama Tshibola kupita matusi yenyewe.

Mambo ilianzia mbali, kwa kaye, kale kadaftari ka kilio. Pa avenue yao, mutaa wa hapa Kolwezi, mutu akikufa, mama Tshibola njo anaandika mu kaye nyumba yenye ilikuya kuikala kwa kilio. Nyumba yenye haiko mu kaye, siku yake ya kulia italia yenyewe. Na yeye, miaka kumi na tisa, hakuachaka nyumba ata moya inje. Ulikuwa kazini? Anakuandika. Ulienda kuchimba kwa mugodi ya Mutoshi? Anakuandika. Ulikuwa umelala tu, kama Beya kwa bilio tatu? Anakuandika, na kesho yake anakuambia: "Tata, jana ulilia muzuri sana!"

Ile roho ilimutokea kwa gare, kule train inasimama. Mwaka ya 92, wakati bantu ya Kasai balikuwa banafukuzwa Katanga, yeye alikuwa kamusichana ka miaka kumi na ine. Kulikuwa liste ya kupanda train. Jina ya baba yake haikuwamo. Mwenye alikuwa anaandika alisahau, ao alichoka. Balilala kwa gare miezi tatu. Siku train ilibabeba, mudogo yake alikuwa ameisha kubakia hapa, chini ya udongo. Kisha kuolewa, Tshibola alirudia Kolwezi na bwana yake, na akajiambia: liste yenye itapita mu mukono yangu, hakuna mutu atabakia inje.

Sasa Donatien, agent wa komini, ile ofisi ya serikali ya hapa, akakuya na réunion yake, mukutano mu salle ya parokia. Alitundika karte kubwa ya muji kwa ukuta, na avenue yao ilikuwa imepakwa rangi ya violet. Alisema Français masaa mbili, bila kunywa mayi. Kisha akauliza: "Kuna maulizo?" Mutu moya aliuliza mayi itatoka lini kila siku. Mwengine aliuliza courant ya umeme. Donatien akaandika kwamba maulizo yote ilijibiwa.

Pale njo alitosha liste ya benye balikuya, na makesi ya sucré, ile soda: jina moya, chupa moya.

"Mama, mukono yenu ya kuandika ni muzuri," alimuambia Tshibola. "Mutusaidie."

Mu salle mulikuwa bantu kumi na saba. Tshibola aliandika nyumba makumi ine na moya, na signature ya kila moya: ingine inainama kushoto, ingine kuume, vile alizoea. Alimuandika ata Ngeleka, mwenye alikufa mu mwezi wa kwanza, juu mujane wake, Yolande, asione bameisha kumusahau. Mangaribi akapita nyumba kwa nyumba na machupa mu karai. Beya alikunywa yake, akaomba na ya bibi yake mwenye alikuwa kwa safari Kasaji.

Kartasi ya komini ilibandikwa pale ofisini, nyuma ya mulango, mulango yenye iko wazi kutwa. Iliikala pale siku kumi na mbili mbele ya mutu kuiona. Ilisema avenue haiko tena fasi ya bantu kuikala. Ni fasi ya kampuni, na kampuni itaweka pale matanki ya aside. Wenyeji makumi ine na moya balisikilizwa, bote balikubali. Mwenye anakatala, eko na siku kumi na tano. Na chini yake, kama ushuhuda, liste. Mukono muzuri, kabisa.

Siku moya mbele ya ile matusi ya pa robinet, Tshibola alikuwa ameenda kwa Donatien, yeye peke yake.

"Tata, ile majina ni mi niliandika. Bengine habakukuwa ata pale."

Donatien alienda kufunga mulango, kwanza.

"Mama, ukisema vile mbele ya bourgmestre, mukubwa wa komini, liste inakufa. Ni kweli. Lakini weye unakuwa mutu wa faux, wa kuandika uongo, na ile ni buloko, ni kufungwa. Miye sijasikia kitu. Murudie nyumbani, mama."

Akamufungulia mulango na heshima yote.

Sasa pa robinet, Yolande alisema pole pole: "Yaya Tshibola, na bwana yangu ulimuandika?"

"Nilimuandika."

"Bon. Yeye alikubali bamuhamishe wapi tena? Eko chini tayari."

Bamama bakacheka, kicheko ya meno tu.

"Imebakia siku mbili," Beya alisema. "Nilienda komini kukatala, banasema signature yangu imeisha kukubali. Banasema hii liste mutu moya tu njo anaweza kuibomoa: mwenye aliiandika. Utaenda kusema?"

Tshibola alifungua kinywa. Zile chupa mbili za Beya zilikuwa pale juu ya ulimi, na bilio tatu zenye alilala nyuma yake. Akaangalia Beya. Muzee alikuwa ameshika bidon na mikono mbili juu ya tumbo, kama mutu wa kwa gare anashika mafurushi yake asiibiwe.

"Miye niko na miaka makumi saba, mama," Beya alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Utaenda, ao hautaenda?"

Tshibola alikaza kitenge. Akabeba bidon yake, haina ata tone, akaenda.

"Tshibola! Ndiyo ao hapana?"

Alipita mbele ya mulango yake, hakuingia. Kule kwa kona, barabara inagawanyika mbili, moya inaenda komini, ingine inaenda gare, na nyuma yake mayi ilikuwa imefika, robinet inaimwanga chini tu, hakuna mwenye alifikiri kuifunga.