Mlinzi wa Lango la Wodi

Mlinzi wa lango la wodi ana sauti ya bati linaloburutwa, na kazi yake kubwa ni kusema, "Muda umeisha." Akishafunga, hulifuta kufuli kwa kiganja, taratibu, kama anamfuta mtoto makamasi. Kwake kosa ni kosa, awe nani awe nani. Juzi alimrudisha mama mkwe wake na chupa ya chai mkononi, tena kwa heshima zote. Jana, nikiwa kwenye benchi namsubiri mke wangu atoke kwa daktari, mama mmoja alifika mbio, kanga inamdondoka. Mwanawe alikuwa anapelekwa kupasuliwa.

"Baba, nimwone tu kabla hajaingia!"

"Muda umeisha, mama."

Kisha akalifungua kufuli, nadhani ili alifute vizuri zaidi, akageukia ukuta, akainama kufunga kamba za viatu. Akainama weee, mpaka mama akapita.

"Mwanangu," nikamwuliza mlinzi, "kosa bado ni kosa?"

"Kosa ni kosa, mzee. Mimi sijamruhusu mtu."

Nikamtazama miguuni. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira, yale ya mvua, hayana hata tundu la kamba. Nikamwambia azikaze vizuri, maana baba wa mtoto naye nilimwona anakuja.