Mafuta ya Upako na Usukani Uliokuwa Ukilia

Amefariki fundi wa magari wa mtaa wa Point. Aliugua siku nne tu. Habari niliipata asubuhi kwenye kikundi cha simu cha kanisa letu, katikati ya tangazo la mazoezi ya kwaya na picha ya keki ya mtu. Ujumbe uliofuata uliuliza nani ana gari zima la kubeba waombolezaji, nikajikuta nacheka peke yangu ofisini huku machozi yakinitoka, maana kila gari zima katika kanisa lile lilikuwa zima kwa mikono yake. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanivumilia: leo wanasiasa wapumzike. Naandika juu ya usukani uliokuwa ukilia, na juu ya mwongo mmoja, ambaye ni mimi.

Fundi alikuwa Mkongomani mrefu, mpole, mwenye diploma ya ufundi ambayo hapa Durban hakuna aliyewahi kuomba kuiona. Miaka yake ya kwanza alilinda magari kwenye maegesho karibu na ufuko, kazi ambayo sisi wasomi wa mtaa wa Morningside huitazama tukipandisha kioo. Lakini maegesho ndipo mahali ambapo kila dereva hukata usukani mpaka mwisho. Mwenzetu alisimama pale kutwa akisikiliza magari yakilia na kugonga, hata akaanza kuwaambia wenyewe ugonjwa kabla hawajashuka. Baadaye, alipopata uwanja mdogo nyuma ya maghorofa ya zamani ya Point, aliendelea na mtindo uleule. Alikuamuru uzime redio na kulizungusha gari polepole, naye akakugeuzia mgongo ili macho yasimdanganye.

Mimi sikwenda kwake mapema. Nina shahada ya uzamivu, na mwenye shahada ya uzamivu hupeleka gari kwenye karakana yenye sakafu inayong'aa. Huko walibadilisha pampu ya usukani, wakanipa kahawa, na usukani ukaendelea kulia kila nilipokata kona. Basi nikalipeleka kanisani. Kwetu magari hubarikiwa baada ya ibada, yakiwa yamepangwa uani boneti wazi, na mchungaji wetu, mtu wa imani kubwa na umakanika mdogo, alifungua kifuniko cha kwanza alichokiona akamimina mafuta ya upako, yaani mafuta ya kupikia yaliyoombewa, mpaka chupa ikaisha. Niliinua mikono. Na kweli, jioni ile usukani ulinyamaza! Kufika Alhamisi ulianza tena, na safari hii kulikuwa na kitu kinagonga chini. Dawa yangu ilikuwa kuongeza sauti ya redio. Lakini aliyelitumia gari lile kila asubuhi ni mke wangu, watoto wawili wakiwa nyuma, akishuka mteremko wa kuingia Pinetown anakofundisha. Aliizima ile redio akaniambia, "Baba watoto, hii gari unaipeleka Point leo, ama mimi na watoto tupande taxi."

Fundi alinigeuzia mgongo nikazunguka uwanjani mara mbili. Kisha akalala chini ya gari, akakumbatia kiungo cha gurudumu kwa kiganja huku mimi nikitikisa usukani kidogo kidogo. Alipoinuka alifungua chupa ya mafuta ya usukani, akanusa, akanitazama.

"Docteur, nani aliweka mafuta ya salade humu?"

"Sijui," nikajibu, mbele za Mungu.

"Eish. Sawa. Iko sauti mbili. Hii inalia ni juu ya mafuta, tuyau, ile bomba yake, inavuja. Inasumbua masikio tu. Ile ingine inagonga polepole, ni rotule, ile kiungo ya gurudumu ya kushoto. Ile haina kelele mingi, lakini ndiyo itaua watu."

Nikasema nina mkutano, nitalirudisha mwisho wa wiki. Akatia ufunguo mfukoni. "Wewe unaweza kwenda, Docteur. Gari inabaki. Bibi na watoto hawapande hii." Nilimfokea maneno ya kuona haya, nikamkumbusha hata siku zake za kulinda magari. Akachukua jeki. Kesho yake alinionyesha kile kiungo, kikatengana vipande viwili mkononi mwake bila nguvu yoyote. Nikaufikiria ule mteremko, nikakaa juu ya tairi.

Sasa sikieni aibu yangu. Jumapili mchungaji aliita shuhuda, akanikazia macho, na wazee wa kanisa nao wakanikazia. Nikasimama nikasema usukani wangu umeponywa kwa mafuta ya upako. Vigelegele vikapaa. Fundi alikuwa kiti cha nyuma kabisa, akipiga makofi pamoja na wengine. Mlangoni alinishika mkono akicheka: "Amen, Docteur. Siku ile Mungu alitumia spana namba dix-sept." Hakulitaja tena kamwe. Jumapili iliyofuata foleni ya magari ya kumiminiwa mafuta ilifika barabarani, na kwa mwezi mzima fundi alikuwa na kazi ya kuyatoa mafuta hayo. Wenye magari walipoulizwa nani ameyatia, wote walijibu kama mimi.

Ndivyo tulivyo, sisi tuliokuja mji huu na vyeti vyetu na bila vyeti. Anayesema kwa sauti kubwa tunampa kiti cha mbele, na mwenye kutuokoa tunamwachia cha nyuma. Dalili ya mvua ni mawingu, nami ni bingwa wa kufunga pazia.

Jumamosi magari yalikata kona kuingia makaburini, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililolia. Nilipoitwa kusema neno, kama msomi, nilisema yote: kiungo, uongo, mafuta ya salade. Mchungaji aliangalia viatu vyake. Mjane alinifuata baadaye, sina hakika kama kwa hasira au kwa huruma. "Alijua, Docteur. Alisemaka, iko siku Docteur atasimama kanisani aseme kweli. Kila Jumapili alingojaka."

Msomaji, kama una neno la shukrani, lipeleke leo. Mtu aliyesikia kila kitu katika mji huu alikaa miaka yote ile kiti cha nyuma akitega sikio, na neno langu hakulisikia.